Steringi hafi, lakini nani alisema lazima awe Mzungu?

Ukiingia kwenye kibanda cha video pale Isebania na kukuta filamu imeshashika kasi, huulizi jina lake. Unauliza swali moja tu: "Steringi ni nani?" Ukishaonyeshwa, unaketi, unafungua njugu zako na roho inatulia, kwa sababu sheria ya kibanda unaijua tangu utotoni: steringi hafi. Atapigwa risasi sita, atatupwa mtoni, atafungiwa ndani ya nyumba inayowaka. Wewe tafuna tu, atatoka.

Kuna sheria ya pili, na hii haisemwi kwa sauti. Ukiona kundi la makomando wanashuka kwenye helikopta na kati yao kuna Mweusi mmoja mcheshi, anayeonyesha wenzake picha ya mkewe na mtoto, huyo usimzoee. Mwambie jirani yako kwenye benchi kwamba huyo hafiki Sirari, na nusu ya kibanda itacheka kwa sababu wote wameshamfanyia hesabu hiyo hiyo.

Sasa acha kucheka kidogo. Umewahi kujiuliza ni nani aliyeamua hivyo?

Ukiwauliza wenye pesa za Hollywood, jibu lao kwa miaka mingi limekuwa fupi: watazamaji. Ati watazamaji wa nje ya Marekani hawanunui tiketi kumwona Mweusi akiongoza filamu. Watazamaji wa nje ndio nani? Ni wewe. Ni yule dereva wa lori la Mwanza anayesubiri karatasi zake zipite kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, ni kijana wa boda aliyeegesha pikipiki kungoja jua lipungue, ni Mkuria ambaye shangazi yake yuko Tarime na shule yake iko Migori. Ninyi ndio mmesingiziwa, na hakuna aliyewauliza.

Hebu tuanze na ushahidi wa kibandani, maana ndio tunaoujua vizuri. Chukua "Commando" ya Arnold Schwarzenegger, ya mwaka 1985. Filamu ile ina umri wa kuwa baba yako, lakini mpaka leo iweke mahali popote Afrika Mashariki, watu watasimama. Arnold ni Mzungu wa Austria mwenye misuli kama mizizi ya mugumo. Hakuna kitu kinachomfananisha na kijana wa Isebania. Hata hivyo tunampenda, na si yeye peke yake. Tulimlilia Amitabh Bachchan bila kujua Kihindi. Tulirusha mateke ya Bruce Lee hadi kamba za nguo zikakatika. Rambo naye tulimpenda mpaka ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka wakaupa mfuko wa plastiki jina lake. Ulikuwa ukienda dukani Tanzania unafungiwa sukari ndani ya Rambo, hadi serikali ilipoipiga mifuko hiyo marufuku mwaka 2019.

(Tena kwenye "Commando" yenyewe kuna jambo ambalo wengi hatukuwahi kulizingatia. Yule dada mfanyakazi wa ndege anayelazimishwa kumsaidia Arnold, na baadaye anashika usukani wa ndege, ni Rae Dawn Chong. Ana damu ya Kiafrika na ya Kichina. Mwaka 1985! Na hakuna mtu yeyote kibandani aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio.)

Siri ya mapenzi yetu kwa hawa watu wa mbali si rangi yao. Nusu ya siri iko kwenye maikrofoni ya DJ. Upande huu wa mpaka jina linalotajwa kwanza ni DJ Afro, ambaye kwa miaka amechukua filamu za Wazungu, Wachina na Wahindi na kuzimwagia Kiswahili na Sheng hadi zikawa zetu. Tanzania, wanaoijua kazi hii tangu zamani watakutajia Derek Mukandala, maarufu Lufufu. Uganda wao huwaita VJ, na VJ Jingo ni jina la nyumbani. Kazi yao wengi huiita tafsiri, lakini ni zaidi ya hapo. DJ anapunguza sauti ya filamu, anapanda juu yake, anawapa wahusika majina mapya, anakwambia adui anawaza nini, anagombana na mwenye bunduki, anakuonya kabla mlango haujafunguliwa. Baada ya dakika kumi huoni tena Mzungu. Unamwona jamaa fulani mwenye shida zinazofanana na zako: kadhulumiwa, kaibiwa mtoto, hana wa kumsaidia, lazima ajitetee.

Kwa hiyo lile dai kwamba mtu hawezi kumpenda steringi asiyefanana naye, Isebania tulilipinga zamani, na bila kufanya semina. Kama Mkuria anaweza kumpenda Mwaustria, kwa nini Mwitaliano ashindwe kumpenda Mweusi?

Nimemtaja Mwitaliano kwa makusudi. Mwaka 2013 ilipotoka "12 Years a Slave", filamu ya Mweusi huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani, steringi alikuwa Chiwetel Ejiofor. Ilipopelekwa Italia, yakatoka mabango yenye uso mkubwa wa Brad Pitt, na mengine yenye Michael Fassbender. Ejiofor mwenyewe alikuwa mdogo chini kule, anakimbia. Ukiitazama filamu hiyo, Brad Pitt anaonekana dakika chache tu karibu na mwisho. Kelele zilipozidi mabango yakaondolewa. Mwaka uliofuata barua pepe za kampuni ya Sony zikavuja, na humo mlikuwa na ya mtayarishaji mmoja aliyemlalamikia bosi kuhusu Denzel Washington katika "The Equalizer". Hoja yake ilikuwa kwamba watazamaji wa kimataifa ni wabaguzi, kwa hiyo Mweusi asiwekwe mbele kwenye filamu ya gharama kubwa. Denzel huyo huyo akarudi na "The Equalizer" ya pili mwaka 2018 na ya tatu mwaka 2023. Huwa hawarudii filamu iliyowatia hasara, hilo unaweza kulichukua benki.

Halafu ikaja "Black Panther". Februari 2018, siku chache kabla haijatolewa rasmi Marekani, ilizinduliwa Kisumu, nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o, huku babake Anyang' Nyong'o akiwa gavana wa kaunti. Ilipomaliza mzunguko wake duniani ilikuwa imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Hapo hadithi ya "watazamaji hawataki" ikakosa pa kusimama.

Lakini usianze kucheza ngoma bado. Ramani za filamu za Marvel huiweka Wakanda huku huku kwetu Afrika Mashariki, ila wenyeji wake wanazungumza isiXhosa, lugha ya Afrika Kusini. Sababu yake ni ya kawaida sana: John Kani, mzee aliyecheza kama Mfalme T'Chaka, ni Mxhosa, na lugha yake ikapokelewa. Sina ugomvi na mzee Kani, ni fundi kwelikweli. Ila kumbuka kwamba miaka 22 kabla yake, mwaka 1996, huyo huyo Kani ndiye aliyecheza kama Samuel katika "The Ghost and the Darkness", ile ya simba wa Tsavo waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli. Hadithi ni ya Kenya, simba ni wa Kenya, reli ni ya Kenya, lakini kamera zilikwenda kupiga picha Afrika Kusini.

Rudi nyuma tena hadi "Out of Africa", iliyopigwa picha hapa Kenya na kushinda Oscar saba mwaka 1986. Farah, yule msaidizi mkuu wa Karen Blixen, alikuwa Msomali. Aliyemcheza ni Malick Bowens, mtu wa Mali. Mali! Afrika Magharibi huko, nchi kadhaa katikati. Msomali halisi mwenye jina kubwa kwenye filamu hiyo alikuwa mwanamitindo Iman, naye akapewa kipande kidogo. Kwa aliyekuwa akichagua waigizaji, Mweusi ni Mweusi, toa huyu weka huyu. Wewe ambaye unaweza kumtambua Mkisii, Mjaluo na Mkuria kabla hajafungua kinywa, hilo lingekuudhi ama lingekuchekesha?

Mfano unaonikaa rohoni zaidi ni wa Joseph Olita.

Huenda hulijui jina lake, na hapo ndipo tatizo lilipo. Olita alikuwa mwana wa Nyanza, jitu la mwili mkubwa lililofanana na Idi Amin kiasi cha kutisha. Amin alipong'olewa madarakani mwaka 1979, haikupita miaka mingi Sharad Patel akatengeneza filamu, "Rise and Fall of Idi Amin", ikatoka mwaka 1981, na Olita ndiye aliyekuwa Amin. Alimcheza kwa cheko lile, kwa macho yale, kwa ule ukali unaokuja ghafla katikati ya utani. Miaka kumi baadaye Mira Nair alipotengeneza "Mississippi Masala", kuhusu Wahindi waliofukuzwa Uganda, akahitaji Amin wa kuonekana kidogo tu, akamrudia Olita. Amin wa sinema kwa miaka mingi alikuwa na uso wa jamaa wa huku kwetu.

Mwaka 2006 ikatoka "The Last King of Scotland". Safari hii Amin alikuwa Forest Whitaker, Mmarekani Mweusi. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, picha zikapigwa Uganda, na mwaka 2007 akapewa Oscar ya mwigizaji bora. Alistahili, na atakayekataa nitabishana naye mpaka mkeka uchakae. Lakini mwangalie steringi wa filamu ile ni nani. Si Amin. Si Mganda yeyote. Ni daktari kijana kutoka Scotland, Nicholas Garrigan, mtu wa kubuniwa aliyetoka kwenye riwaya ya Giles Foden. Waganda waliouawa wakati wa Amin walikuwa watu wa kweli wenye majina, ila kamera inahitaji Mzungu ambaye hakuwahi kuwepo ili mtazamaji wa Ulaya awe na mtu wa kumhurumia. Sheria ya kibanda inafanya kazi hapa pia: tunajua tangu mwanzo nani atapanda ile ndege na kuondoka.

Olita alifariki mwaka 2014, mwaka ule ule ambao Lupita alinyanyua Oscar yake. Mmoja tulimpigia vigelegele uwanja wa ndege. Huyo mwingine, uliza vijana kumi wa umri wako kama wanamjua.

Hadi hapo tumewasema watu wa mbali, na kuwasema watu wa mbali ni rahisi. Tugeuze kiti.

Mjaluo maarufu kuliko wote kwenye runinga ya Kenya alikuwa nani? Bila shaka Mzee Ojwang' Hatari wa "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani", na mkewe Mama Kayai. Sasa kama hukujua, keti: Ojwang' alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Mama Kayai ni Mary Khavere, Mluhya. Kwa miongo kadhaa lafudhi ya Kijaluo iliyochekesha taifa zima ilitoka kwenye kinywa cha Mkikuyu, na huku Migori na Homa Bay watu walimpenda kama wa ukoo wao. Wanjau alipofariki Julai 2015 nchi nzima ilimlilia, Nyanza ikiwemo.

Je, hilo ni kosa sawa na lile la Farah? Kwa maoni yangu, hapana. Wanjau alikaa na mhusika wake maisha yake yote, akampa ujanja, ubishi na heshima yake, hata pale alipomfanya kichekesho. Mwigizaji mzuri anaruhusiwa kuwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ninachouliza mimi ni kama mlango unafunguka pande zote. Mjaluo anaruhusiwa kucheza kama Mkikuyu tajiri wa Nairobi, au yeye kazi yake ni kuchekesha kwa lafudhi? Msichana wa Kimaasai anaruhusiwa kuwa wakili bila shanga? Na Mhindi wa Kenya, ambaye tumemlilia kwa filamu za Mumbai, mbona kwenye tamthilia zetu ni mwenye duka tu? Watanzania angalau walijaribu. Mwaka 2021 Amil Shivji aliileta kwenye skrini riwaya ya Adam Shafi, "Vuta N'kuvute", na katikati ya filamu akamweka Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, akichezwa na Ikhlas Gafur Vora. Si wa pembeni, yeye ndiye steringi.

Na Mkuria je? Nitajie mhusika mmoja Mkuria unayemkumbuka kutoka tamthilia yoyote. Nakupa muda. Mara nyingi Mkuria huonekana kwenye taarifa ya saa moja: ukeketaji, wizi wa ng'ombe, mapigano ya koo. Mambo hayo yapo na lazima yaripotiwe. Lakini mtoto wa Nairobi ambaye hajawahi kufika Isebania anakujua kwa habari hizo peke yake. Hajawahi kumwona Mkuria akitongoza, akifeli mtihani, akimdanganya mamake, akishinda kesi. Siku utakapoketi mbele yake kuomba kazi, amekutana na wewe tayari, kwenye taarifa.

Kisha kuna rangi ndani ya rangi. Tazama mabango ya filamu na video za muziki, za Bongo na za hapa kwetu, uhesabu ni mara ngapi mpenzi wa steringi ni maji ya kunde au mweupe kabisa, na ni mara ngapi yule dada mweusi tii ni mfanyakazi wa ndani, au mchawi. Mtayarishaji naye ukimuuliza atakupa jibu la Hollywood neno kwa neno: watazamaji ndivyo wanavyotaka. Kumbe ugonjwa ulikuwa nyumbani. Na huu unaua kweli, kwa sababu bei yake inalipwa kwa ngozi. Mikebe ya mkorogo inavuka mipaka kama sukari, na wanaonunua si wazee.

Lupita aliwahi kusimulia hadharani, Februari 2014, kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu amwamshe akiwa mweupe. Alisoma pia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua kabla hajamwona yeye kwenye skrini. Miaka mitano baadaye akaandika kitabu cha watoto kuhusu binti mweusi kuliko wote nyumbani kwao, akakiita "Sulwe". Wewe uliyekulia Migori huhitaji kuelezwa, lakini kwa wale wa mbali: kwa Dholuo, sulwe ni nyota.

Siku hizi kuna kipimo kipya cha mvuto. Kabla hujaulizwa kama unaweza kulia kwa wakati unaotakiwa, unaulizwa una wafuasi wangapi TikTok. Watayarishaji wanasema hivyo ndivyo filamu inavyopata watu, na waigizaji waliosomea kazi wamelalamika hadi wamechoka. Ukitoka Isebania kwenda usaili Nairobi, unalipa nauli ya kwenda na kurudi na unalala kwa mtu, halafu nafasi inakwenda kwa mwenye video ya kucheza dansi jikoni. Lakini hapo hapo pana mwanya ambao Olita hakuwa nao. Hao wafuasi hawaulizi unatoka kaunti gani. Ukiweza kukusanya wako ukiwa mpakani, kwa Kiswahili chako hiki chenye nusu ya Tarime na nusu ya Migori, utaingia kwenye chumba cha usaili ukiwa na kitu mkononi.

Na kama utaamua kutosubiri kuchaguliwa na mtu, mwangalie Isaac Nabwana wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala. Kwa pesa kidogo mno alitengeneza "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010, helikopta zikiwa za kompyuta na bunduki za vyuma chakavu, na VJ Emmie akipiga domo juu yake mwanzo hadi mwisho kama ilivyo kibandani. Dunia ikaitazama kwa mamilioni kwenye YouTube. Mmarekani mmoja mpenda sinema, Alan Hofmanis, alivutiwa kiasi kwamba aliacha New York akahamia Wakaliga kuigiza.

Nabwana akampa kazi mwaka 2016 katika "Bad Black". Ni daktari Mzungu aliyekuja Uganda. Ndiyo, daktari Mzungu Uganda, tena. Ila huyu anaibiwa, anadhalilishwa, hajui kupigana, na anayemfundisha ukomando ni mtoto wa mtaani, Mganda mdogo asiyefika hata kifuani kwake. Jina la mwalimu huyo kwenye filamu ni Wesley Snipes.